Tano kwa mia ya nini? Somo juu ya kodi inayokatwa mara mbili



Mu mafunzo ya watunza feza tuliyofanya musimu uliopita, mama mumoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Koperative yake inakata 10 kwa mia ku bei ya kahawa kwa ajili ya kazi zake yenyewe: kumulipa mulinzi, kutengeneza mashini ya kuosha kahawa, kusaidia memba aliyelazwa hospitali. Kisha muungano wa koperative nao unakata 5 kwa mia. Mama akasema: "Baba agronome, ile tano wanaikata ku feza gani? Ku feza yote, ao ku ile inayobaki kisha sisi kukata kumi yetu? Maana ile kumi mimi sikuila. Namna gani wananikata juu ya feza ambayo haikufika mu mukono wangu?"

Watu walicheka, kisha wakaanza kubishana, na saa ya chakula ikapita. Sisi ma-agronome tulisoma magonjwa ya mihogo na mbolea, hatukusoma sana kodi. Tuliporudi ku biro tukatafuta, na kumbe swali la yule mama ni lilelile ambalo watu wa Marekani wanabishana tangu miaka zaidi ya 160: kodi ambayo mutu amelipa kwa jimbo lake, aiondoe kwanza mbele ya kuhesabu kodi ya serikali ya nchi nzima, ao asiiondoe? Wengi wenu muko na ndugu waliopelekwa kule kama wakimbizi, wako Kentucky, Iowa, Texas na pengine. Nao jambo hili linawapita karibu, hata kama hawalijui. Basi tuanzie kule, kisha turudi ku kahawa yetu.

Marekani iko na majimbo 50. Serikali ya nchi nzima, wanayoiita ya federali, inatoza kodi ku mapato ya mutu. Jimbo nalo linaweza kutoza kodi yake ku mapato yaleyale. Tena muji ao wilaya inatoza kodi ku nyumba na ku ardhi, na feza hiyo ndiyo inalipa sehemu kubwa ya shule. Kila jimbo linajipangia. California inakata hadi 13.3 kwa mia ku mapato ya matajiri wake wakubwa. Texas na Florida hazikati hata moja ku mushahara. Texas inajilipa kwa kodi ya nyumba na ya vitu vinavyouzwa dukani. Ndugu yako akiwa Kentucky anakatwa angalau na serikali mbili ku mushahara mumoja, akihamia Texas anakatwa na moja.

Hapa lazima tuelewane vizuri juu ya neno "kuondoa", kwa maana watu wengi wanalichanganya. Kuondoa si kurudishiwa. Tuseme mutu ameingiza dola 100,000 mu mwaka, na jimbo limemukata dola 8,000. Kama sheria inamuruhusu kuondoa, serikali ya federali itahesabu kodi yake ku dola 92,000, siyo ku 100,000. Hakurudishiwa zile 8,000. Amepata faida ya kodi tu ambayo angelipa juu ya zile 8,000. Kama dola zake za mwisho zinakatwa 22 kwa mia, faida ni dola 1,760. Zile 6,240 zinabaki muzigo wake.

Sasa muangalie jambo ambalo linafanya watu wakasirike. Kule, kadiri mutu anavyoingiza feza nyingi, ndivyo dola zake za mwisho zinavyokatwa kwa kiwango cha juu zaidi. Wa chini wanakatwa 10 ao 12 kwa mia, wa juu kabisa 37. Basi mutu mudogo akiondoa dola moja ya kodi ya jimbo, anapata senti 12. Tajiri akiondoa dola moja ileile, mupaka mwaka 2025 alipata senti 37. Na tajiri hana dola moja ya kuondoa, yeye ameilipa jimbo dola laki moja, na kwa kiwango hicho, bila kikomo, faida yake ingekuwa dola 37,000.

Tena kuna wengine ambao hawapati hata senti moja. Sheria ya kule inamupa kila mutu uchaguzi: aandike moja moja vitu anavyotaka kuondoa (kodi ya jimbo, zawadi kwa kanisa, riba ya deni la nyumba), ao aondoe kiasi kimoja kilichopangwa kwa wote bila kuandika kitu. Kwa mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa dola 15,750 kwa mutu asiyefunga ndoa na 31,500 kwa mume na muke. Ndugu yako anayefanya kazi mu kiwanda cha nyama kule Iowa na bibi yake anayesafisha hoteli hawawezi kufikisha dola 31,500 za vitu vya kuandika. Wanachukua kile kiasi cha wote, kama karibu watu tisa ku kumi wanavyofanya tangu kiasi hicho kiliongezwa mwaka 2018. Mabishano yote haya yanapita juu yao kama mvua inayonyesha ku kilima cha jirani.

Yalianza namna gani? Mu vita vyao vya ndani, miaka ya 1860, serikali yao ilitoza kodi ya mapato kwa mara ya kwanza juu ya kulipa askari. Sheria ya 1862 iliruhusu kuondoa kodi za majimbo. Kodi ile ilikufa kisha vita. Iliporudi mwaka 1913, ruhusa ile ilirudi pamoja nayo. Kisha wakaanza kuipunguza. Mu 1964 waliandika orodha ya kodi zinazokubaliwa. Mu 1986, wakati wa Reagan, walitoa ile ya vitu vya dukani. Reagan mwenyewe alitaka kufuta ruhusa yote, na gavana wa New York, Mario Cuomo, akampinga kwa nguvu. Mu 2004 watu wa majimbo kama Texas walirudishiwa haki ya kuondoa kodi ya dukani, kama hawaondoi ya mapato. Mwisho wa 2017, Trump alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo: hata ulipe jimbo lako kiasi gani, huwezi kuondoa zaidi ya dola 10,000. Tarehe 4 Julai 2025 kikomo kilipandishwa mupaka 40,000, lakini kinashuka kwa wenye mapato ya kupita 500,000, na kama sheria haibadilishwi kitarudi 10,000 mu 2030. Kwa hiyo mabishano hayajaisha.

Tuwasikilize sasa wenye kubishana, kwa maana hapa ndipo kuna chakula.

Wanaotaka kodi ya jimbo iondolewe wanasema kama yule mama: ile feza haikuwa yangu. Nilishurutishwa kuitoa. Kodi ya mapato inapaswa kupima nguvu ya mutu ya kulipa, na dola iliyokwisha kwenda kwa gavana haiko tena nguvu yangu. Watu wawili wakiingiza dola 100,000 kila mumoja, na mumoja jimbo limemukata 8,000, mwengine halikumukata kitu, hawa wawili hawako sawa.

Wanaongeza sababu nyingine ambayo sisi tuliiona ya maana kuliko zote, ijapokuwa leo imepungua uzito. Mu miaka ya 1950 serikali ya federali ilikuwa inakata 91 kwa mia ku dola za mwisho za matajiri wakubwa kabisa. Fikirini: kama jimbo nalo lingekata 10 kwa mia ku dola ileile bila kuondoa, mutu angelipa senti 101 ku kila dola. Anafanya kazi, kisha anadaiwa! Kuondoa ndiko kulizuia upuuzi ule. Leo 37 ya federali na 13.3 ya California zinafanya 50.3. Ni nyingi, lakini si 101. Tunawaomba muchunge hesabu hii, kwa maana kwetu wakataji ni wengi kuliko wawili, na hakuna hata mumoja anayeangalia mwengine amekata ngapi.

Sababu ya tatu ni heshima ya jimbo. Kama serikali kubwa inakula kwanza ku sahani nzima, jimbo litaogopa kuwatoza watu wake, hata kwa shule na barabara ambazo watu wenyewe wanazitaka. Kuondoa kunaachia jimbo nafasi.

Wanaopinga wanajibu hivi. Unasema ile feza haikuwa yako, lakini ilinunua nini? Ilinunua shule ya mutoto wako, polisi wa mutaa wako, barabara inayopita mbele ya mulango wako. Uliitumia, ila ulitumia pamoja na majirani. Mutu wa jimbo lingine ambalo halitozi sana analipa shule mu mufuko wake, na yeye hakubaliwi kuondoa. Kwa nini shule yako iondolewe na yake isiondolewe?

Kisha wanauliza: nani anajaza kishimo? Serikali ya federali ikipoteza feza kwa sababu watu wa New York na New Jersey wameondoa kodi zao nyingi, lazima feza ile itoke pengine. Itatoka kwa wote, na mu wote wale mumo na mukulima wa jimbo masikini lenye kodi ndogo. Basi masikini anasaidia kulipa shule nzuri za muji wa matajiri. Na gavana anayejua kwamba ku kila dola anayowatoza matajiri wake, sehemu inabebwa na nchi nzima, atachunga feza namna gani?

Viongozi wa New York hawanyamazi. Wanajibu kwamba watu wao tayari wanapeleka Washington feza nyingi kuliko inayorudi kwao, na kwamba kikomo cha 2017 kiliwekwa juu ya kuwapiga wao. Mu 2018, New York, New Jersey, Connecticut na Maryland walipeleka serikali ya federali ku tribinali. Walishindwa mu 2019, wakashindwa tena ku rufaa mu 2021, na mu 2022 Korti Kuu ikakataa kusikiliza. Ma-juji hawakusema kikomo ni kizuri. Walisema Kongre iko na haki ya kukipanga.

Jambo moja lilituchekesha. Kule chama cha Trump ndicho kinapenda kusema kodi ipunguzwe, lakini ndicho kiliweka kikomo kilichoongeza kodi ya matajiri wa majimbo mengine. Na chama kinachosema kinatetea masikini ndicho kilikuwa na watu waliopigania kikomo kipande, ijapokuwa faida inaenda juu. Mu 2021 watu wake mu chumba cha chini cha Kongre walikubali kikomo cha 80,000, na seneta Bernie Sanders, wa upande wao, akawapinga kwa sababu hiyohiyo. Sheria ile haikupita. Mu 2025 wajumbe wa chama cha Trump wenyewe, wale wa New York na New Jersey, ndio walikataa kupiga kura mupaka kikomo kipandishwe. Mutu anasimama pale shamba lake lilipo.

Na wakulima wao je? Hapa musome pole pole, kwa maana ndiyo sehemu itakayotusaidia. Mukulima wa Iowa anayelima mahindi analipa wilaya kodi ya ardhi ya shamba. Kodi ile haiingii hata kidogo mu mabishano haya. Anaiandika pamoja na mbegu, mbolea na mazuti, kama gharama ya kazi, na inaondolewa yote bila kikomo. Lakini kodi ya nyumba anamolala na bibi na watoto inaingia chini ya kikomo. Na kodi ya mapato ambayo jimbo linamukata ku faida ya mahindi? Nayo inahesabiwa kuwa ya mutu, si ya shamba, inaingia chini ya kikomo. Sheria imechora mustari: hiki kilihitajika ili mahindi yatoke, kile ni cha maisha yako.

Mustari ule watu werevu waliujua mara moja. Kisha 2017, Connecticut ilianza, na sasa majimbo zaidi ya 30 yamefuata: badala ya kumutoza mwenye biashara, jimbo linatoza biashara yenyewe, kama ni ya watu walioshirikiana. Kodi ikilipwa na biashara inakuwa gharama, inaondolewa yote. Feza ni ileile, mutu ni yuleyule, jina tu ndilo limebadilika. Serikali ya federali ilikubali njia hiyo mu 2020. Mwenye mushahara tu, kama mwalimu ao muuguzi, hana biashara ya kuficha kodi yake ndani.

Tena kuna kioo cha jambo hili: majimbo mengine yaliruhusu kinyume, mutu aondoe kodi ya federali mbele ya kuhesabu ya jimbo. Alabama inafanya hivyo hadi leo. Iowa ilifanya miaka mingi, ikaacha kuanzia mwaka 2023. Mukitaka kuumiza kichwa cha mutunza feza wenu, mupeni hesabu ya mutu anayeondoa ya jimbo ku ya federali na ya federali ku ya jimbo kwa mara moja.

Turudi nyumbani. Kwetu Congo Katiba ya 2006 ilichagua njia nyingine. Haikusema mutu aondoe kodi ya jimbo ku kodi ya Leta. Ilisema kodi za Leta zenyewe zigawanywe: kifungu cha 175 kinatoa 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa kwa majimbo, yakatwe palepale yanapoingia. Kifungu cha 181 kinaweka sanduku la kusawazisha, lenye 10 kwa mia ya mapato ya Leta, ili majimbo yaliyo nyuma yasaidiwe. Na kuna kodi ambazo ni za jimbo peke yake, kama ya ardhi na majengo, ya motokari na ya nyumba zinazopangishwa. Munajua wenyewe namna majimbo yanavyolalamika kwamba 40 ile haikatwi palepale kama Katiba inavyosema, inapita kwanza Kinshasa, na inarudi kidogo na kwa kuchelewa. Hilo ni somo lingine. Tulitaka tu muone: kusawazisha kunachukua kwa wote na kupeleka zaidi kwa aliye nyuma. Kuondoa kodi ya jimbo bila kikomo, kama ilivyokuwa Marekani mbele ya 2017, kunaelekea upande wa pili. Ndiyo maana neno "haki" liko mu kinywa cha pande zote mbili.

Lakini muungano wenu wa koperative hauongozwi na Kinshasa wala Washington. Mu mukutano mukuu munaweza kupanga wenyewe. Basi tufanye hesabu.

Tuseme muungano uko na koperative tatu. Kila moja imeuza kahawa ya dola 30,000. Ya kwanza inakata 10 kwa mia kwa kazi zake, ni 3,000. Ya pili inakata 20 kwa mia, ni 6,000. Iko na walinzi wawili, sanduku la wagonjwa, na imejenga madarasa. Ya tatu inakata 2 kwa mia tu, ni 600. Muungano unahitaji dola 4,500 kwa gari, jeran na ofisi.

Njia ya kwanza: 5 kwa mia ku feza yote. Kila koperative inatoa 1,500. Jumla 4,500. Kwisha.

Njia ya pili, ile ya mama: kila moja iondoe kwanza ilichokata. Inabaki 27,000, na 24,000, na 29,400. Jumla 80,400. Tano kwa mia ya 80,400 ni 4,020. Muungano umekosa dola 480. Gari haliendi kwa maji. Basi lazima kiwango kipande mupaka 5.6 kwa mia. Sasa ya kwanza inatoa 1,512. Ya pili inatoa 1,344. Ya tatu inatoa 1,646.

Tuliporudi kwa yule mama na karatasi hii, aliishika muda murefu. Koperative yake ni ile ya kwanza. Aliomba iondolewe, na ilipoondolewa kwa wote, alitoa dola 12 zaidi kuliko mbele. Aliyepata ni ya pili, iliyojikata sana. Aliyelipa ni ya tatu, iliyojikata kidogo.

Ni haki ao si haki? Sisi tunasema: haijulikani mupaka muulize kwa nini ya tatu inakata 2 tu. Kama ni kwa sababu memba wake ni watu waliorudi juzi kutoka ukimbizini, miti yao bado midogo na tumbo haliachi kitu cha kukata, basi kuwapandishia kodi juu ya madarasa ya wengine ni kuwaonea. Kama ni kwa sababu komite yao haifanyi kitu, haina mulinzi, na wezi wanaoingia kwao wanavuka kuiba kwa majirani, basi ya pili inabeba muzigo wa wote na inastahili kupunguziwa. Hesabu ni moja, haki ni mbili. Wamarekani wamebishana hivi miaka 160 kwa sababu kila upande unaangalia ya tatu moja tu kati ya hizo mbili.

Kuna njia ya katikati, kikomo. Museme: kila koperative inaweza kuondoa ilichokata, lakini si zaidi ya 10 kwa mia ya mauzo. Ya pili haiondoi tena 6,000, inaondoa 3,000. Jumla inakuwa 83,400, na 5.4 kwa mia inatosha. Ya kwanza na ya pili zinatoa 1,458 kila moja, ya tatu 1,588. Tofauti imekuwa ndogo. Lakini muandike mu statuti kikomo kile kitaangaliwa tena lini na nani, kwa maana kule Marekani tangu 2017 kimebadilishwa mara moja, kimepangiwa kubadilika tena, na wakulima wa nyumba na mashamba hawajui mwaka wa 2030 watahesabu namna gani.

Sisi tunapendelea njia ya nne, ile ya mustari wa shamba. Gharama ya kutoa kahawa iondolewe kwa wote, yote, bila kikomo: magunia, mazuti ya mashini, usafiri mupaka ku gudulia la muungano, mulinzi wa stoki, hata kodi ya kiwanja cha mashini. Hizo bila yao hakuna kahawa ya kukatia 5 kwa mia. Lakini sanduku la wagonjwa, madarasa, matanga, hayo ni mazuri sana, ila ni chaguo la memba kwa maisha yao, yasiondolewe. Tunajua shida yake. Komite yenye akili itaandika chakula cha mukutano kuwa "gharama ya mashini", kama wale wa Connecticut walivyobadilisha jina la mwenye kulipa. Kwa hiyo orodha ya gharama ipangwe na muungano, ifanane kwa wote, na kila gharama iwe na kitansi. Bila kitansi, haiondolewi.

Mama alichukua kaye yake na kugawanya ile 10. Mashini na mulinzi: 6. Wagonjwa: 4. Akaondoa 6 ku 30,000, ni 1,800, ikabaki 28,200, tano kwa mia yake ni 1,410. "Dola tisini," akasema. Tukamukumbusha kwamba wengine nao wataondoa zao, na kiwango kinaweza kupanda kidogo. Akasema anajua, lakini hii moja anaweza kuitetea mbele ya ile koperative ya tatu bila haya, kwa maana nao wananunua magunia.

Kisha tulifungua statuti ya muungano. Imeandikwa: "5 kwa mia ya mauzo." Mauzo yapi, haikusema. Jeran anahesabu ku feza yote kwa sababu aliyemutangulia alihesabu hivyo. Kwa sheria ya OHADA juu ya koperative, inayotumika kwetu tangu 2012, kubadilisha statuti kunahitaji mukutano mukuu usio wa kawaida, siyo komite peke yake. Basi kila koperative inayotaka kuleta jambo hili ije na vitu vitatu: kifungu cha statuti kilichonakiliwa, kaye ya musimu uliopita yenye vitansi, na hesabu ya koperative zote, siyo ya kwake tu. Mama yule ameandika barua yake tayari. Ameomba nafasi ku ajenda mbele ya chakula, kwa maana anakumbuka namna ilivyokuwa mara ya kwanza.